Vazi la wanawake wa Ufilipino mwanzoni mwa utawala wa Marekani: tulisome mshono kwa mshono

Sindano Njema (mleta uzi)

Salaam kwenu wanajukwaa.

Kila linapotajwa humu vazi la wanawake wa Ufilipino, husemwa kwa ufupi kwamba ni gauni la Kihispania lenye mabega yaliyosimama, kisha mjadala unahamia kwingine. Kauli hiyo huniuma. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka sita nilishona Muscat meza moja na dada wa Kifilipino kutoka mkoa wa Laguna, ambaye alinifundisha kulisoma vazi la kwao kama mtu anavyosoma barua. Uzi huu unahusu kipindi kimoja tu, yaani miaka ya mwanzo ya utawala wa Marekani kuanzia 1898, kwa sababu nimesadiki kwamba sura ya vazi hilo tunayoijua leo ilipatikana katika kipindi hicho, na walioiamua ni wanawake wa huko wenyewe.

Nianze na vipande. Vazi la msingi la wenyeji huitwa baro't saya, maana yake blauzi na sketi. Kufikia mwisho wa karne ya 19, mwanamke wa mjini mwenye uwezo alivaa vipande vinne vilivyoshonwa mbalimbali. Cha kwanza ni camisa, blauzi fupi nyepesi yenye mikono mipana. Cha pili ni saya, sketi ndefu inayofika chini. Juu ya saya kiunoni hufungwa tapis, kitambaa cha rangi iliyokoza. Cha nne ni pañuelo, mtandio wa mraba unaokunjwa pembetatu, ukazungushwa mabegani, na ncha zake zikabanwa kifuani kwa bizimu. Kwa kuwa camisa ilifumwa nyepesi kiasi cha kupenya mwanga, ndani yake ilivaliwa nguo nyingine ya kusitiri kifua. Vazi zima liliitwa traje de mestiza. Jina la Maria Clara, ambalo wengi wetu tunalitumia, limetoka kwa msichana wa riwaya ya mwandishi wa Kifilipino José Rizal iliyochapishwa mwaka 1887, naye alikuwa binti wa hadithi tu. Vazi lilipewa jina lake kwa sababu taifa zima lilikuwa limeisoma hadithi hiyo au limesimuliwa.

Sasa itazameni tapis. Kabla Wahispania hawajaweka makao yao ya kwanza mwaka 1565, wanawake wa visiwa hivyo walikuwa tayari wakijifunga kitambaa hicho kiunoni. Saya ilipoingia, hawakukitupa. Walikipandisha juu yake, kikaendelea kufungwa kwa zaidi ya miaka 300 mbele ya macho ya mapadri na magavana. Anayesema vazi hili ni la Kihispania inampasa kwanza aieleze tapis.

Kitambaa cha thamani kuliko vyote kilikuwa piña, kinachofumwa kwa nyuzi za majani ya mnanasi, hasa katika eneo la Aklan. Jani hulazwa juu ya ubao na kuparwa kwa kipande cha sahani ya kauri iliyovunjika, hadi nyama ya kijani itoke na nyuzi ngumu za juu zionekane; hizo huitwa bastos. Kisha chini yake huparwa tena polepole kwa kifuu cha nazi, ndipo hutoka nyuzi laini ziitwazo liniwan, nyembamba kama unywele. Zikishaoshwa na kuanikwa, hufungwa fundo moja moja, ncha kwa ncha, kwa vidole, mpaka upatikane uzi mrefu wa kutosha kuingia kwenye kitanda cha mfumi. Mwenzangu alikuwa na pañuelo ya bibi mzaa bibi yake, aliyoihifadhi katika kopo la biskuti, imefungwa kwa shuka kuukuu la pamba. Siku aliyoifungua, nilipoipandisha kwenye taa ya cherehani, niliyaona mafundo hayo, madogo kuliko punje ya mtama, yamesambaa katika kitambaa kizima chenye rangi ya pembe ya ndovu. Nilikaa kimya kwa muda. Nimeshona hariri za harusi za gharama kubwa, lakini sijapata kushika kitambaa kilichokuwa na saa nyingi za mkono wa binadamu kama kile.

Nitaendelea na habari ya mikono na ya Wamarekani katika bandiko linalofuata.

Sindano Njema (mleta uzi)

Ninaendelea.

Mwezi Desemba 1898, kwa Mkataba wa Paris, Hispania iliikabidhi Marekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20, ilhali Wafilipino walikuwa wamekwisha kutangaza uhuru wao. Vita kati yao na Wamarekani vilianza Februari 1899, na Marekani ilitangaza kwamba vimekwisha mwaka 1902. Mwezi Agosti 1901 iliingia Manila meli iitwayo Thomas, ikiwa na walimu wa Kimarekani wapatao 500, na kuanzia hapo Kiingereza, shule za serikali na mitindo ya nguo za Marekani viliingia pamoja.

Jambo lililofuata ndilo kiini cha uzi huu. Wanaume wasomi wa Kifilipino, wale walioajiriwa serikalini na waliochaguliwa kuingia katika bunge lililofunguliwa mwaka 1907, walivaa suti, na suti hiyo hata leo kwa Kitagalogi, lugha ya huko, huitwa amerikana. Wake zao, dada zao na binti zao waliosimama kando yao katika picha zilezile waliendelea kuvaa camisa, saya na pañuelo. Si kwamba hawakuzijua nguo za Kimarekani. Wengi walizivaa nyumbani, kazini na michezoni kadiri miaka ilivyokwenda. Lakini kwenye sherehe, mikutano na studio ya mpiga picha walivaa vazi lao, na walilibadilisha mfululizo.

Mabadiliko yanaonekana kwanza kwenye mikono. Katika miaka ya 1890 mkono wa camisa uliteremka kama kengele, mpana, ukining'inia hadi kupita kiwiko. Baada ya 1900 mkono ulianza kutiwa wanga mwingi na kusimama, na marinda yake yakakusanywa juu begani. Kadiri miaka ya 1910 ilivyosonga, ulikuwa ukibapa kana kwamba umepigwa pasi kutoka mbele na nyuma, na kufikia miaka ya 1920 ulikuwa umefupika na kuchukua umbo la bawa la kipepeo, ambalo ndilo umbo ambalo dunia nzima inalitambua sasa. Bega hilo lililosimama, linalosemwa kuwa la Kihispania, lilikomaa Wahispania wakiwa wameshaondoka miaka 20 na zaidi.

Saya nayo ilikuwa na safari yake. Sketi pana ya vipande saba, iitwayo siete cuchillos, yaani visu saba kwa sababu kila kipande ni chembamba juu na kipana chini, iliburuta mkia nyuma. Mwanamke akitembea aliushika mkia huo mkononi au aliuchomeka kiunoni. Baadaye sketi ilipungua upana ikafuata umbo la mwili, na tapis ikaanza kuachwa, kwanza na vijana wa mjini.

Kisha ikaja hatua ambayo mimi kama fundi naiona ni kubwa kuliko zote: camisa, pañuelo na saya vikaanza kukatwa kutoka jora moja, kwa rangi moja na darizi moja. Hapo ndipo lilipozaliwa jina terno, neno la Kihispania linalomaanisha seti inayolingana. Wakati wa traje de mestiza mwanamke aliweza kuvaa camisa ya piña juu ya saya ya hariri yenye mistari, na tapis nyeusi juu yake. Wakati wa terno jicho linaona nguo moja.

Kitambaa Halisi

Shukrani nyingi, dada Sindano Njema. Nimesoma mabandiko yote mawili kwa utulivu. Ninalo swali la kifundi. Pañuelo katika picha za zamani zimesimama nyuma ya shingo kama kola ya bati, ilhali umetueleza kwamba kitambaa chenyewe ni chepesi kiasi cha kupenya mwanga. Je, kulikuwa na waya ndani, au bitana ngumu?

Sindano Njema (mleta uzi)

Kaka Kitambaa Halisi, asante kwa swali. Katika kipindi hiki hapakuwa na waya. Kwanza, nyuzi za mnanasi zina ukakamavu wa asili. Ukikiminya kitambaa cha piña mkononi, kinakataa kulala kama inavyolala hariri. Pili, kulikuwa na wanga. Nguo ilichovywa katika uji mwepesi wa wanga, ikatandazwa, ikapigwa pasi ya mkaa ikiwa bado na unyevu. Tatu, na hili nilionyeshwa kwa mikono, nguvu ya pañuelo imo katika mkunjo. Mraba hukunjwa pembetatu, kisha upande mrefu wa pembetatu hiyo hukunjwa tena na tena kwa mikunjo myembamba, kila mmoja ukiubeba mwenzake, mpaka sehemu ya nyuma ya shingo inakuwa na tabaka nyingi zinazojisimamisha zenyewe. Ukishaibana kwa bizimu mbele, na pini chache zikaishika na camisa mabegani, inatulia.

Hasara yake ni kwamba kitambaa kikiwekwa kabatini kwa miaka na wanga wake, nyuzi hukatika kwenye mikunjo. Pañuelo ile ya Laguna ilikuwa na mstari mrefu wa mpasuko pale pale palipokunjwa. Mwenzangu alijaribu kuushona, kisha akaacha, kwa sababu kila sindano ilipoingia iliongeza tundu. Mwenye nguo ya namna hii nyumbani namsihi aioshe wanga wote kabla ya kuihifadhi, na aizungushe kwenye bomba la karatasi badala ya kuikunja.

Mzee wa Maktaba

Nawapongeza kwa mjadala wenye staha. Ninalo neno la kuongeza na lingine la kupinga kidogo.

Ninalopinga ni hili: ndugu yetu mleta uzi anazungumza kana kwamba wanawake wote wa Ufilipino walivaa piña na kuburuta mkia. Nguo hizo zilikuwa za tabaka la wenye ardhi na wafanyabiashara. Mwanamke wa sokoni, mvuvi na mkulima wa mpunga walivaa nini? Tukiandika historia ya mavazi kwa kutazama picha za studio peke yake, tutakuwa tumeandika historia ya matajiri.

Ninaloongeza linahusu siasa. Mwaka 1905 Concepción Felix aliongoza kuanzishwa kwa chama cha wanawake mjini Manila, na mwaka uliofuata Pura Villanueva akaanzisha kingine Iloilo. Mwaka 1908 Pura Villanueva huyohuyo alichaguliwa kuwa malkia wa kwanza wa Kanivali ya Manila, sherehe kubwa ambayo utawala wa Marekani uliianzisha mwaka huo. Mwaka 1912 Carrie Chapman Catt, kiongozi wa Kimarekani wa harakati za kura za wanawake, alizuru Manila akawahimiza wanawake waungane. Safari ya kura ilikuwa ndefu: sheria ya kuwapa haki hiyo ilitiwa saini Desemba 1933, ikafutwa na katiba ya 1935, ambayo iliweka sharti kwamba wanawake wasiopungua 300,000 waseme ndiyo katika kura yao maalumu. Tarehe 30 Aprili 1937 walisema ndiyo wanawake 447,725, na waliosema hapana walikuwa 44,307.

Sindano Njema (mleta uzi)

Mzee wa Maktaba, shikamoo. Pingamizi lako ni la haki na ninalipokea.

Mwanamke wa kawaida alivaa baro't saya ya pamba, au ya sinamay, ambayo hufumwa kwa nyuzi za abaka. Kwa wasioijua abaka, ni mmea wa jamii moja na mgomba wetu, na kamba zake zilizosifika katika bandari za dunia ziliitwa katani ya Manila. Alijifunga tapis ili kuilinda saya akiwa kazini, na badala ya pañuelo iliyosimama alijitupia begani kitambaa laini kiitwacho alampay, ambacho kilifuta jasho, kilifunika kichwa juani na kubeba vitu vidogo. Baina ya huyu na yule wa studio kulikuwa na jusi, kitambaa kilichofumwa kwa hariri iliyotoka China, ambacho kwa mbali kilifanana na piña na kwa bei kilikuwa nafuu. Inafaa kujua pia kwamba vazi hili la kazini lilirudi baadaye mjini kwa heshima: kina dada wa Manila walipokwenda matembezi mashambani walivaa saya fupi, tapis na alampay, wakaliita vazi hilo Balintawak, jina la mahali palipohusishwa na mwanzo wa mapinduzi ya mwaka 1896.

Na kuna wanawake wengine ambao hawaonekani katika picha kabisa, nao ni waliodarizi. Hapa ndipo utawala wa Marekani ulipogusa sindano yenyewe. Shule za serikali ziliwafundisha wasichana lesi na darizi kwa makusudi ya biashara, na mwaka 1912 ilifunguliwa mjini Manila shule maalumu ya kazi za nyumbani ambayo wanawake wazima walifunzwa darizi ili wakafundishe wenzao mikoani. Ushuru wa bidhaa za Ufilipino zinazoingia Marekani ulikuwa umeondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1909. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuia darizi za Ulaya, maagizo ya Marekani yaligeukia Ufilipino, na maelfu ya wanawake walikaa vibarazani wakidarizi nguo za watoto wachanga na nguo za ndani za wanawake wa Kimarekani, wakilipwa kwa kipande kupitia mawakala. Mbinu yao iitwayo calado, ya kuchomoa nyuzi chache za kitambaa na kuzifunga zilizobaki ili kutengeneza vidirisha vidogo, ni ileile unayoiona kwenye ukingo wa pañuelo. Ninapoitazama picha ya bibi wa kitajiri wa wakati huo, namfikiria pia yule aliyeinamia vidirisha hivyo kwa taa ya mafuta. Mwenzangu wa Muscat alitoka katika ukoo wa wadarizi wa Lumban, mji wa mkoa uleule wa Laguna, na ile pañuelo aliyoirithi ilidariziwa na bibi aliyeivaa mwenyewe, siku chache sana katika maisha yake.

Kuhusu kura, umenipa ufunguo niliokuwa nikiutafuta. Wapinzani walidai kwamba mwanamke akiingia siasani ataacha nyumba na mila. Viongozi wa wanawake waliwajibu kwa hoja, lakini waliwajibu pia kwa nguo: walikwenda kuwaona wabunge na kuhutubia mikutano wakiwa wamevaa terno na pañuelo, wakati wabunge wenyewe wamekaa ndani ya amerikana. Vazi lilisema kwamba anayedai kura ni mwanamke wa nchi hii hii, na kwamba kudai kwake hakumwondolei uzawa wake.

Kitambaa Halisi

Dada, hapo umenifumbua macho. Lakini nikuulize: ikiwa vazi lilikuwa na heshima kiasi hicho, kwa nini pañuelo ilipotea? Terno ninazoziona siku hizi hazina mtandio hata kidogo.

Sindano Njema (mleta uzi)

Ilipotea taratibu. Mikono ilipozidi kusimama, mtandio na mikono vikaanza kugombea nafasi ileile ya bega. Mwanamke anayeendesha ofisi, anayepanda gari na kucheza dansi aliona kwamba pini za pañuelo zinamfunga. Kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1930 wengi wa mjini walikuwa wameiacha, na katika miaka ya 1940 mbunifu Ramon Valera aliiunganisha camisa na saya ikawa gauni moja. Kuna wakereketwa wa huko wanaosikitika kwamba kwa kukosa pañuelo terno ilipoteza staha. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa kuwa wanawake walioivaa ndio walioiondoa, kama walivyoiondoa tapis kabla yake. Ninachosikitikia ni ujuzi wa mkunjo, kwa sababu waliobaki wanaoweza kuisimamisha pañuelo bila kutazama picha ni wachache. Ufumaji wa piña wa Aklan, kwa bahati njema, bado upo, na mwaka 2023 UNESCO iliuweka katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Mpiga Picha Kale

Naomba kusaidiwa na wenye ujuzi. Katika hifadhi moja ya picha mtandaoni nimekuta picha ya wanawake watano kwenye ngazi za jengo, imeandikwa tu "Manila, walimu", bila mwaka. Mitandio yao imesimama nyuma ya shingo. Wawili wamefunga kitambaa cheusi kiunoni, watatu hawana. Mikono ya blauzi ni mipana na inafika kiwikoni, lakini haining'inii, imebapa. Sketi ya aliye mbele imemwagika kwenye ngazi mbili. Je, inawezekana kuikadiria?

Sindano Njema (mleta uzi)

Ndugu Mpiga Picha Kale, umeieleza vizuri kiasi kwamba nakaribia kuiona.

Si ya miaka ya 1890, kwa sababu mikono ya wakati huo ingekuwa imeshuka kama kengele. Si ya mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa sababu sketi ingekuwa nyembamba na mikono ingekuwa imefupika ikapanda begani. Mchanganyiko wa waliofunga tapis na wasiofunga katika kundi moja unaniambia kwamba imepigwa katika miaka ile ambayo kila mwanamke alikuwa akijiamulia. Ningeiweka katika miaka ya 1910, na nisingeshangaa waliofunga tapis wakiwa ndio wakubwa kwa umri. Hebu watazame nyuso.

Kuna jambo moja la kukagua. Ikuze picha kwenye kifua cha yule wa mbele, ulinganishe maua ya ukingo wa pañuelo na maua ya camisa iliyo chini yake, kisha ushuke hadi kwenye saya. Maua yakiwa tofauti kwenye kila kipande, huyo bado amevaa traje de mestiza. Yakiwa ni yaleyale kutoka shingoni hadi kwenye ngazi, basi fundi wake alikata vyote kutoka jora moja, nawe unaitazama moja ya terno za mwanzo. Tafadhali urudi hapa utuambie ulichokiona.